Aliyeswaga Ng'ombe Hakuwa Staringi

Katika gemu ya Red Dead Redemption, iliyotolewa mwaka 2010, kuna nyapara anayeitwa Amos. Anasimamia vibarua wa ranchi ya akina MacFarlane, katika nchi ya kubuni inayofanana na mpaka wa Marekani na Mexico mwaka 1911. Shujaa wa hadithi, John Marston, ni jambazi aliyeacha ujambazi. Anapigwa risasi, anaokotwa, anauguzwa ranchini, na katika kupona kwake anajifunza kuswaga ng'ombe na kumtuliza farasi wa mwitu. Akishapata nguvu, anatandika farasi wake na kwenda kuwasaka washirika wake wa zamani. Hadithi inamfuata yeye. Ranchi inabaki nyuma, na Amos anabaki nayo, ng'ombe walewale, vumbi lilelile. Kijana aliyeimaliza gemu hiyo mara mbili ataweza kukutajia bunduki za Marston moja baada ya nyingine, lakini jina la nyapara itabidi umkumbushe. Kwa lugha ya vibanda vya video, Marston ndiye staringi. Amos ni mtu wa kujaza picha.

Jambo hili lingekuwa la wapenzi wa gemu peke yao kama lisingekuwa na historia ndefu nyuma yake, na kama kipande cha historia hiyo kisingepita Isiolo, mji wa Kenya. Mswagaji, yaani mtu anayetembeza ng'ombe wa mauzo kutoka malishoni hadi sokoni, ndiye aliyeubeba uchumi wa mpaka, iwe Texas au kaskazini mwa Kenya. Akiwa mdogo katika hadithi, si kwa sababu kazi yake ilikuwa ndogo. Amekuwa mdogo kwa sababu ya mahali aliposimama aliyeandika ripoti, kisha aliyeandika kitabu, kisha aliyepiga sinema, na mwisho aliyetengeneza gemu, kila mmoja akirithi macho ya aliyemtangulia. Na ukitaka kuona urithi huo ulivyofanya kazi, Isiolo ni mahali pazuri kuliko Texas, kwa sababu hapa mambo yote yalitokea karibu karibu na tarehe zake zinajulikana.

Tuanze hata hivyo na Texas, maana huko ndiko kaoboi alikoanzia. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha mwaka 1865, Texas ilikuwa na ng'ombe wengi wasio na bei, na miji ya kaskazini na mashariki ilikuwa inatafuta nyama. Mwaka 1867 mfanyabiashara Joseph McCoy alijenga mazizi kando ya reli huko Abilene, Kansas, na kwa muda wa miaka ishirini hivi makundi ya ng'ombe yakaswagwa kwenda kaskazini kwa miguu, safari ya miezi miwili au mitatu. Mswagaji alilipwa dola 25 hadi 40 kwa mwezi. Mgeni wa kazi alipangwa nyuma kabisa ya kundi, ale vumbi la waliotangulia. Ufundi wenyewe, kamba ya kunasia na tandiko lenye kigingi cha kufungia kamba, ulitoka kwa wachungaji wa Mexico. Wanahistoria wengi wamekadiria kwamba karibu mtu mmoja kati ya kila wanne katika safari hizo alikuwa Mweusi, baadhi yao wakiwa wamezaliwa utumwani. Makadirio hayo yana wapinzani wanaoyaona makubwa mno, ila hata wapinzani hawasemi kwamba watu hao walikuwa wachache wa kupuuzwa. Hollywood iliwapuuza. Kwa miongo kadhaa kaoboi wa sinema alikuwa Mzungu mrefu mwenye bastola, na ng'ombe wakawa pambo la nyuma. Gemu zilipokuja zilichukua bastola zikaacha pambo. Western Gun, mchezo wa mashine uliotengenezwa na kampuni ya Taito ya Japani mwaka 1975, ulikuwa na watu wawili wanaorushiana risasi, mipungate, na gari la kukokotwa. Ng'ombe hata mmoja hakuwamo.

Jambo ambalo sinema na gemu zimelisahau kabisa ndilo linaloifunga Kansas na Isiolo pamoja, nalo ni karantini. Ng'ombe wa Texas walibeba kupe ambao wao wenyewe hawakuwadhuru sana, lakini kila walikopita ng'ombe wa wenyeji walikufa kwa homa. Kansas ikachora mstari ambao ng'ombe wa Texas hawakuruhusiwa kuuvuka, na kadiri wakulima walivyoongezeka, ndivyo mstari ulivyosukumwa kuelekea magharibi, miji ya mnada ikihama pamoja nao, hadi mwaka 1885 jimbo lote lilipofungwa. Ramani ya kaoboi, kwa maneno mengine, ilichorwa na kupe pamoja na wakulima, na bastola ilikuja baadaye sana katika orodha. Lakini nani atakaa na pedi mkononi akisubiri daktari wa mifugo amalize kukagua kundi?

Isiolo ilikua kutokana na mstari wa namna hiyo. Sotoka ya miaka ya 1890 ilikuwa imefagia mifugo ya Afrika Mashariki, na serikali ya kikoloni ilipoanza kuwagawia walowezi ardhi ya Laikipia na kando ya Mlima Kenya, ilitaka ukuta kati ya ng'ombe wao na ng'ombe wa kaskazini. Kituo cha karantini kikawekwa Isiolo, pale nchi ya juu inapoteremka kwenye tambarare ya joto. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, askari wa Kisomali wa koo za Isaaq na Harti waliokuwa wametumikia jeshi la Waingereza walipewa nafasi ya kukaa hapo na mifugo yao. Waturkana walifika kutafuta kazi. Waborana walisukumwa na kuvutwa hadi kingo za Ewaso Ng'iro, na Wasamburu na Wameru walikuwa majirani tangu zamani. Huo ndio mji, na mpaka leo ukitembea sokoni utasikia lugha tano kabla hujamaliza kununua miraa. Juu ya yote hayo kulikuwa na sheria. Ile ya mwaka 1902 ya wilaya za pembezoni ilifanya kaskazini kuwa nchi ya kuingia kwa kibali, na ile ya mwaka 1934 ya wilaya maalumu ikaongeza mamlaka ya kuwapangia watu mahali pa kuchunga na kuwaadhibu kwa pamoja. Kuna wazee wa kaskazini ambao bado wakisafiri kwenda Nairobi husema wanakwenda Kenya. Wageni hudhani ni utani.

Karantini ilikuwa ya ugonjwa kweli. Asiseme mtu kwamba sotoka na homa ya mapafu ya ng'ombe zilibuniwa ofisini. Lakini ilikuwa pia ya bei. Ng'ombe aliyezuiwa Isiolo hakushindana na ng'ombe wa mlowezi kwenye soko la Nairobi, na aliyeachiliwa baada ya kungoja sana alifika akiwa amekonda. Gharama ya kungoja ilimwangukia mwenye ng'ombe na mtu aliyemleta. Tufikirie safari yenyewe. Kutoka Moyale hadi Isiolo ni takriban kilomita 500. Ng'ombe wa kuuzwa hakimbizwi. Ukimtembeza kilomita 15 kwa siku, ukiwa na nia ya kumfikisha akiwa na nyama mgongoni, safari itakula zaidi ya mwezi mmoja, na hapo hujahesabu siku za kupumzisha kundi penye maji. Mswagaji alipaswa kujua visima vyote vya njiani na zamu za kunywesha, na zamu hizo zina mwenyewe: kwa Waborana ni aba herega, mzee wa zamu ya maji, na malisho yana mpangilio wake wa dheedha, huku ni pa masika na kule ni pa kiangazi, na wazee wa kuamua nani apite lini. Mtu asiyeyajua hayo hakufikisha kundi, hata kama angekuwa na bunduki kumi. Alipaswa pia kukesha kwa ajili ya simba, kuwaepuka wavamizi, na kuhesabu kila asubuhi. Akifika, kundi likapimwa, likatiwa alama kwa chuma cha moto, likangoja. Serikali huru iliurithi mfumo huo na kuupa jina jipya, Idara ya Masoko ya Mifugo, na herufi zake tatu za Kiingereza, LMD, zimebaki kuwa jina la mtaa mjini Isiolo.

Sasa tuangalie nani aliandika. Gerald Reece alisimamia kaskazini yote kutoka Isiolo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na miaka michache baadaye, na mkewe, Alys Reece, aliandika kumbukumbu za maisha yao zilizochapishwa mwaka 1963. Maofisa wengine waliandika zao. Vingi kati ya vitabu hivi vimeandikwa vizuri, na vingine vinawapenda watu wa kaskazini kwa dhati, tena kwa namna ambayo walowezi wa nyanda za juu waliiona ya kichaa. Lakini katika vitabu hivyo safari huanza ofisa anapopanda ngamia na huisha anaposhuka. Watu waliomwongoza hutokea kisimani na kupotea kisimani. Mswagaji, ambaye hakuandika ripoti kwa mtu yeyote, hutokea kama idadi: ng'ombe kadhaa wamepita, kadhaa wamekufa njiani.

Aliyefanya Isiolo ijulikane duniani hakuwa mtawala. Mwaka 1956 George Adamson, mkuu wa askari wa wanyamapori wa eneo hilo, alimuua simba jike aliyemrukia, akarudi na watoto watatu wa simba huyo. Wawili walipelekwa bustani ya wanyama ya Rotterdam. Wa tatu, Elsa, alilelewa nyumbani kwa akina Adamson Isiolo, na kitabu cha Joy Adamson, Born Free, kilipotoka mwaka 1960 kilisomwa dunia nzima. Joy aliwataja wasaidizi kwa majina, na hilo lihesabiwe upande wake. Nuru alikaa na watoto wa simba kutwa nzima. Makedde, Mturkana, askari wa wanyamapori, alitembea na Elsa porini akiwa na bunduki na subira. Katika sinema ya mwaka 1966 Peter Lukoye aliigiza Nuru na Omar Chambati akaigiza Makedde, lakini waliokumbukwa ni Virginia McKenna, Bill Travers na simba. Leo Elsa ana kaburi linalotembelewa na watalii katika Hifadhi ya Taifa ya Meru. Tukizihesabu saa ambazo mnyama yule alikaa na kila mmoja wao, Nuru hangekuwa mhusika mdogo.

Halafu ukaja mwaka 1967. Mtayarishaji Ivan Tors alikuwa amepiga Kenya sinema iitwayo Africa: Texas Style, ambamo mlowezi anawaita makaoboi wa Marekani waje kunasa wanyama wa porini kwa kamba ili wafugwe ranchini. Septemba mwaka huo hadithi hiyo ikawa kipindi cha televisheni cha Marekani, Cowboy in Africa, sehemu 26, kikipigwa kwa sehemu kubwa California. Staringi alikuwa Chuck Connors. Mwafrika aliyeonekana kila wiki alikuwa mtoto, Samson, yatima wa Kikuyu anayemfuata kaoboi kila aendako. Hebu fikiri. Nchi yenye watu waliozaliwa zizini, wanaomjua ng'ombe kwa rangi, kwa pembe na kwa ukoo wa mama yake, ililetewa mtu wa Texas kuwa mjuzi, na wenyeji wakawakilishwa na mvulana wa kufundishwa. Na wakati huohuo Isiolo yenyewe ilikuwa katika hali gani? Juni 1963 mkuu wa wilaya, Daudi Dabasso Wabera, na Chifu Haji Galma Dido walikuwa wameuawa kwa risasi. Vita vya shifta, kati ya serikali ya Kenya na wapiganaji waliotaka kaskazini ijiunge na Somalia, vikafuata. Jamii za wafugaji zilikusanywa kwenye kambi Isiolo, Garba Tulla na Merti, zikakatazwa kutembeza mifugo, na mifugo ikafa kwa maelfu au ikachukuliwa. Waborana wanakiita kipindi hicho gaafa dhaabaa, wakati wa kusimama. Mkataba wa Arusha wa kumaliza uhasama ulipatikana Oktoba 1967, mwezi mmoja baada ya Chuck Connors kuanza kupanda farasi kwenye televisheni.

Hapa msomaji makini atanizuia. Atasema ninalazimisha ulinganisho, kwa kuwa Isiolo si Texas: kule kaoboi alikuwa kibarua wa kuswaga ng'ombe wa tajiri kwenye ardhi iliyoporwa kutoka kwa wenyeji, hapa mfugaji alikuwa mwenye ng'ombe, na ardhi ilikuwa yake kabla ya mstari kuchorwa. Hoja hiyo ni nzito na sehemu yake naikubali. Katika sinema za kaoboi Mborana angekaa upande wa Wahindi Wekundu, si upande wa kaoboi. Tofauti hata ni kubwa zaidi, kwani mpaka wa Marekani ulisifiwa kwa kuwa wazi, na wa kaskazini mwa Kenya ulikuwa mlango uliofungwa, wenye askari na kitabu cha vibali. Lakini tofauti hizo zinalipa dai langu nguvu. Kama kibarua wa Texas, Mweusi au Mmexico, alifutwa kwa kuwa hakumiliki kitu, basi mfugaji wa Isiolo, aliyemiliki kundi zima, asingefutwa. Kumbe amefutwa vilevile. Hivyo si mali iliyoamua nani awe staringi. Wote wawili walikosa kitu kimoja, nacho ni kuwa mtu ambaye macho yake ndiyo yanayotuonyesha nchi.

Pingamizi la pili ni la mtunzi: kila hadithi inahitaji wadogo, na gemu yenye mashujaa mia haichezeki. Ni kweli. Sidai Amos apewe gemu yake. Ninachouliza ni kwa nini, miaka baada ya miaka, kazi ya mifugo iwe somo la mwanzo la kumfundisha mchezaji vitufe, na bastola iwe ndiyo hadithi. Hilo ni chaguo la mtunzi, wala haliwezi kusukumiwa sheria ya utunzi. Safari ya kutafuta maji, kundi linalopungua, zamu ya kisima ya kujadiliwa, siku za karantini zinazokula faida: mchezaji yeyote wa gemu za mikakati ataona hapo kila kitu anachokipenda. Watengenezaji wa The Oregon Trail, gemu ya shule iliyobuniwa Minnesota mwaka 1971, walijua kwamba njaa, mto na ugonjwa vinatosha kumfanya mtoto aketi mbele ya kompyuta.

La tatu ndilo linalopendwa na magazeti yetu wenyewe, yanayoiita kaskazini nchi ya kaoboi kila wizi wa mifugo unapotokea. Watu wanauawa Isiolo kwa ajili ya mifugo, bunduki zipo, na msiba wa jamii hauondolewi kwa makala. Lakini jina hilo halielezi kitu, kwa kuwa hata huko lilikotoka ni la uongo nusu. Mwanahistoria Robert Dykstra alihesabu mauaji katika miji mitano ya ng'ombe ya Kansas kati ya mwaka 1870 na 1885, Dodge City ikiwamo, akapata 45. Ni wastani wa mauaji matatu kwa mwaka katika miji yote mitano ikijumlishwa pamoja. Miji hiyo iliishi kwa minada, hati za mauzo na madalali, kama Isiolo. Ukiita mahali nchi ya kaoboi, unamwondolea msomaji swali la malisho ya nani yalifungwa lini na kwa sheria ipi, unamwachia milio ya risasi tu.

Mwaka 2001 mambo mawili yalitokea katika pembe hii ya Kenya. La kwanza lilikuwa Shaba, hifadhi iliyo ndani ya Isiolo, ambako televisheni ya Marekani ilirekodi shindano la Survivor: Africa. Wamarekani 16 waligawanywa makabila mawili, moja likaitwa Boran na jingine Samburu, wakakaa siku 39 ndani ya boma la miiba, wakashindanishwa hata kunywa damu ya ng'ombe iliyochanganywa na maziwa. Mshindi alipata dola milioni moja. La pili lilikuwa Hifadhi ya Taifa ya Meru, mwendo usiofika siku moja kwa gari, ambako nyati walikutwa na sotoka. Huo ndio mlipuko wa mwisho uliothibitishwa duniani wa ugonjwa ule uliojenga ukuta wa karantini. Wataalamu walioendelea kuusaka katika mpaka wa Kenya na Somalia walikwenda bomani kuwauliza wafugaji, kwa sababu wao ndio waliojua kuutenganisha na magonjwa mengine kwa macho, kwa harufu na kwa kumbukumbu ya mwaka ulipopita. Mwaka 2011 sotoka ikatangazwa kuwa imetoweka, ugonjwa wa pili kutokomezwa duniani baada ya ndui.

Miaka michache baadaye lami iliunganisha Isiolo na Moyale. Ng'ombe wa kaskazini sasa hushuka kwa lori, na safari ya mwezi imekuwa ya usiku mmoja. Mswagaji husafiri juu ya vyuma vya lori hilo, fimbo mkononi, macho chini, akimtafuta ng'ombe aliyelala ili amwinue kabla wenzake hawajamkanyaga.